Mchanga hautaki hasira: kuvuta trela la kambi kutoka Iringa kushuka Ruaha, na Mbeya kushuka Matema

Sisi watu wa nyanda za juu tumezaliwa kwenye tope. Mimi nilianza kama utingo wa malori ya mbao Mafinga, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba gari likianza kuteleza kwenye udongo mwekundu, usilionee huruma. Kanyaga mafuta, matairi yakung'ute tope, yachimbe mpaka yakute ardhi ngumu chini, gari litatoka likinguruma. Mufindi inafanya kazi. Njombe inafanya kazi. Makete kwenye masika, mara nyingi inafanya kazi.

Tukishuka bondeni na tabia hiyohiyo, ndipo tunapozikwa. Mchanga hauna ardhi ngumu ya kukutwa chini. Kila mzunguko wa tairi linaloserereka unachota mchanga mbele na kuutupa nyuma, na wewe unashuka. Ukiwa na trela ni balaa zaidi, kwa sababu trela halina injini ya kujisaidia. Linavutwa tu, na magurudumu yake yakishazama linageuka jembe la kukokotwa na ng'ombe, isipokuwa ng'ombe ni gari lako.

Septemba moja, saa saba mchana, nilimkuta kijana wa Njombe kwenye korongo la mchanga upande wa Tungamalenga, kabla ya kuingia Hifadhi ya Ruaha. Hilux safi, trela jipya lenye hema la kukunjua, mke na watoto wawili wamekaa chini ya mbuyu wanapunga mbung'o kwa kanga. Gari limelala kwa tumbo, trela limezama mpaka ekseli, yeye bado anakanyaga. Mchanga unaruka hadi kwenye kioo cha gari langu.

"Kamwene. Shikamoo mzee," akasema, jasho linamtoka.

"Marahaba. Matairi yana upepo kiasi gani?"

Akanitazama kama nimemwuliza umri wa bibi yake. Tulipopima, yote yalikuwa psi 38, ya gari na ya trela.

"Zima injini, mwanangu. Tuanze upya."

Nitarudi kwake. Kwanza tuanzie nyumbani, maana safari nyingi za mchanga huharibika kabla gari halijatoka uani.

Trela lenyewe

Langu tulilichomelea kwenye gereji moja Ipogolo, pale chini barabara kuu inapopita. Nilimng'ang'ania fundi mambo mawili tu, mengine nikamwachia. La kwanza: upana wa kati ya tairi na tairi uwe sawa kabisa na wa Land Cruiser yangu. Mchangani gari hukanyaga na kubana njia mbili, na trela lenye upana uleule linafuata njia zilizokwisha kubanwa. Matrela mengi yanayouzwa yakiwa tayari yana ekseli nyembamba na vitairi vya gari dogo. Hivyo vinapita nje ya njia, kwenye tuta la katikati, na kila kimoja kinapasua mchanga mpya. Ni kama kuvuta matrela mawili.

La pili: magurudumu yawe yaleyale ya gari, nati zilezile, tairi za ukubwa uleule. Spea mbili zinahudumia magurudumu sita. Pia tairi kubwa hupanda juu ya mchanga pale ambapo dogo lingejichimbia.

Kwenye kuunganisha, kile kichwa cha mviringo cha milimita 50 kinatosha kwa lami na kwa njia ya kawaida. Ila makorongo yana kingo. Gari linapoinua pua kupanda ukingo huku trela bado limeinama, kichwa cha mviringo hufika mwisho wa kujipinda, na hapo kitu lazima kivunjike. Mimi nimeweka pete na kulabu ya kufunga, kama zile za matrela ya jeshi. Inagongagonga njia nzima, mke wangu hawezi kulala safarini, lakini inajipinda inavyotaka. Cheni ya usalama iwepo kwa aina yoyote ile, na ule mguu wa mbele wa kusimamishia trela uinuliwe mpaka juu kabisa na kufungwa kwa pini. Nimeshaona mguu ulioachwa nusu ukichora mfereji mchangani kama plau, mwenye gari anashangaa kwa nini injini inalia.

Mzigo

Mzigo ndipo watu wanapobishana nami. Trela si stoo. Langu tupu lina kama kilo 350, na sipendi livuke 700 likiwa limejaa. Piga hesabu mwenyewe: madumu matano ya maji ya lita 20 ni kilo 100 tayari. Mtungi wa gesi, hema, magodoro, vyombo, mchele, kuni alizokununulia mtu njiani kwa sababu ni rahisi. Kila kilo unayoiacha nyumbani ni kilo ambayo hutaichimbua kwa chepe.

Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mdomo wa trela, pale linaposhikana na gari, uwe na uzito wa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Pungufu ya hapo, trela linaanza kutikisa mkia ukiwa kwenye lami na linaweza kukugeuza. Zaidi sana, linabonyeza nyuma ya gari, nalo tairi la nyuma la gari ndilo linalotangulia kuzama. Namna ya kupima? Nenda kwa mnunuzi wa mahindi, muazime ile mizani ya kukanyaga. Weka mdomo wa trela juu yake, kwenye kipande cha gogo ili trela likae sawasawa kama litakavyokuwa nyuma ya gari. Trela la kilo 700 lisome 70 hivi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo langu lilisoma 25, kwa sababu mpishi alikuwa ameweka maji yote nyuma kabisa ili ayachote kwa urahisi. Tukahamisha madumu matatu mbele ya ekseli, likasoma 68. Mwenye mizani alidai soda na akapewa.

Vitu vyepesi vikae juu. Sitaki kuona jenereta juu.

Vifaa vya mchangani usivizike chini ya magodoro. Chepe mbili, geji ya upepo, kompresa ya kubana kwenye betri, mkanda wa kuvutia wa mita kumi au zaidi, pingu za chuma zenye pini, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, na magunia manne ya katani. Magunia ya katani yananitosha kuliko vibao vya plastiki vya bei mbaya. Yaloweshe kidogo, yatandaze mbele ya tairi, yanashika. Ule ubao usiusahau. Jeki bila ubao mchangani haiinui gari, inajizika yenyewe.

Upepo

Hapa ndipo penye kazi yote. Ukisahau kila nilichoandika na ukakumbuka kutoa upepo, utafika.

Watu hudhani tairi likipungua upepo linapanuka kwa upande. Linapanuka kidogo tu. Linachofanya zaidi ni kurefuka pale linapogusa chini. Jaribu uone: simamisha gari kwenye mchanga laini likiwa na upepo wa lami, sogea mbele, shuka utazame alama iliyobaki nyuma. Ni fupi na imeingia ndani, kingo zimekatika wima. Toa upepo mpaka 18, rudia. Alama imekuwa ndefu, haikwenda chini, na vijino vya tairi unavisoma kimoja kimoja kama maandishi. Tembo ana tani kadhaa lakini unyayo wake mchangani haumezi kidole. Amelazwa juu ya nyayo pana laini. Ndicho unachokitafuta.

Vipimo vyangu kwa Land Cruiser yenye mzigo: mbele 20, nyuma 22 kwa sababu ya uzito wa mdomo wa trela, trela 20. Mchanga ukiwa mrefu na mlaini, vyote vinashuka mpaka 16. Nikishanasa tayari, nashuka 14, nasogea polepole, sikati kona kali, kwa sababu chini ya hapo tairi linaweza kubanduka kwenye rimu, nalo likibanduka mchangani siku yako imekwisha. Gari jepesi linaweza kuanzia chini zaidi ya langu. Anza na 20 ujifunze gari lako.

Na trela, jamani. Watu hutoa upepo kwenye gari wakaacha trela likiwa gumu kama jiwe, eti halina injini. Hilo ndilo linalokushika shati. Matairi yote sita, kwa pamoja, na ufanye hivyo kabla ya mchanga, ukiwa umesimama kwenye ardhi ngumu, si baada ya kuzama. Kila tairi linachukua dakika moja au mbili. Vifuniko vya valvu viweke mfukoni, mfuko uleule kila safari.

Ukishatoa upepo, wewe si mtu wa kasi tena. Tairi laini likikimbizwa linapata joto ndani ya ukuta wake na linapasuka. Mimi sivuki 40 kwa saa, na kwenye mawe napunguza zaidi.

Kabla ya kuingia

Shuka utembee. Pita kwa miguu korongo lote mpaka ng'ambo, ukikanyaga kwa kisigino. Unatafuta mambo matatu: mchanga ni mlaini kiasi gani, ukingo wa kutokea umekaaje, na baada ya kutoka kuna nafasi ya kusimama au unapanda moja kwa moja kwenye kona. Kurudi nyuma na trela mchangani ni shughuli nisiyomtakia adui, trela linajikunja mara moja, kwa hiyo ukiingia uwe umeshaamua kutoka upande wa pili.

Ndani ya hifadhi mambo ni tofauti: hushuki ovyo, na kuacha njia iliyopo ili ujitafutie yako ni marufuku. Uliza walinzi langoni hali ya njia siku hiyo, na waambie kabisa kwamba una trela. Mito ya mchanga kama Mwagusi na Mdonya ina jambo lake pia. Kiangazi juu ni pakavu lakini maji yako chini, na tembo huchimba visima usiku ili wanywe. Njia uliyopita jana jioni salama leo asubuhi ina shimo la kuingiza gurudumu zima. Gari linaweza kuliruka, trela likadumbukia.

Pita asubuhi. Mchanga wa saa moja una ubaridi na unyevu wa umande, chembe zimeshikana. Saa nane mchana, mchanga uleule unatiririka kama unga wa sembe. Kijana wangu wa Njombe angepita saa moja asubuhi huenda tusingejuana kamwe.

Na mvua zikishaanza, sahau yote haya. Korongo kavu linaweza kuletewa maji na mvua iliyonyesha mbali ambako wewe hukuona hata wingu. Ukikuta maji yanapita, subiri yapungue. Na usifunge hema ndani ya mto wa mchanga hata kama kivuli chake kinakuita kwa jina.

Kuvuka

Zungusha loki za habu za mbele ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na uingize H4, yaani nne kwa nne ya mwendo wa kawaida, ukiwa bado juu ya ardhi ngumu. Mchanga mfupi unatosha kwa H4 na gia ya pili. Mrefu au wenye ukingo wa kupanda, ingiza L4, ile nne kwa nne ya polepole yenye nguvu, gia ya pili au ya tatu, na gia uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Ukikanyaga klachi katikati ya mchanga, trela linakusimamisha kabla mguu haujarudi. Injini ya 1HZ, dizeli ya Land Cruiser yangu, haina haraka, ina nguvu chini. Isikilize: isage kama mashine ya mahindi iliyolishwa vizuri, isipige kelele.

Mwendo uwe mmoja. Usukani uwe mwepesi mkononi, uache matairi yafuate njia za waliotangulia. Ukikata kona, kata kwa upana, maana tairi la mbele lililopinda ni breki, na trela hukata kona ndani kuliko gari. Likianza kupoteza mwendo, usiongeze mafuta kwa ghafla. Chezesha usukani kidogo kushoto na kulia ili mabega ya tairi yang'ate kingo za njia, mara nyingi mita tano au sita za mwisho zinapatikana hivyo.

Kusimama nako kuna namna yake. Usikanyage breki. Breki inajenga kilima cha mchanga mbele ya kila tairi, vilima sita, nawe unatakiwa kuvipanda ukianza tena. Achia mafuta, gari lenyewe litasimama. Na ukiweza kuchagua, lisimame likitazama mteremko.

Ukinasa

Tumrudie kijana. Hatua ya kwanza ilikuwa kuzima. Gari lililoacha kusonga mbele halitasonga kwa mzunguko mmoja zaidi. Mguu utoke saa hiyohiyo, ukiwa umezama nusu gurudumu na si kwa tumbo. Yeye alikuwa amepita hapo zamani.

Hatua ya pili ni kutengana. Watu huona uvivu kufungua trela, wanataka kuvuta vyote kwa pamoja. Gari peke yake linatoka kwa urahisi mara kumi. Tulitia mawe kwenye magurudumu ya trela mbele na nyuma, tukavuta hendibreki yake, tukachomoa waya wa taa. Nikamwambia asimame pembeni wakati wa kufungua, kwa sababu kama mzigo wa nyuma ni mzito, mdomo unaruka juu na unaweza kumpiga mtu kidevuni. Wa kwake uliruka. Friji na maji vilikuwa nyuma kabisa.

Kisha chepe. Mchanga hautolewi mbele ya matairi tu. Unatolewa chini ya tumbo pia, chini ya difu na chini ya ekseli, mpaka uone mwanga ng'ambo. Mbele ya kila tairi chonga mteremko mrefu wa taratibu, si shimo. Tukashusha matairi yote mpaka 15, tukatandaza magunia, akaingiza L4 gia ya pili.

"Sasa fanya kama unaliiba gari la baba yako usiku," nikamwambia. "Lisisikike."

Likatoka. Mke wake akapiga kigelegele chini ya mbuyu.

Trela tukalivuta kwa mkanda mrefu, Hilux ikiwa imesimama kwenye ardhi ngumu ng'ambo. Hapa naomba usome polepole. Mkanda haufungwi kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia, kamwe. Kimetengenezwa kuvuta mzigo unaobingirika, si kupokea mshtuko, na kikikatika kinaruka kama risasi kikiwa na pingu yake. Funga kwenye kulabu zilizoshikizwa kwa boliti kwenye chesisi, za gari na za trela. Tupa koti zito au blanketi katikati ya mkanda, ukikatika liangushe chini. Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa mkanda, na pembeni, wala si kwenye mstari wake. Asiwepo mtu kati ya gari na trela, na asiwepo anayesukuma kwa nyuma mkanda ukiwa umekaza, hata aseme ana nguvu namna gani. Vijana wa kijijini watakuja mbio kusaidia, na wanasaidia kweli kuchimba. Patana nao malipo kabla, wape chepe, na mkanda ukianza kukaza wapeleke kwenye mti.

Dakika arobaini zote. Kijana alitaka kunilipa, nikachukua geji yake ya upepo ambayo ilikuwa bado ndani ya plastiki yake, nikaifungua, nikamkabidhi.

Matema

Sasa nisijifanye mimi sinasi. Kutoka Mbeya kushuka Tukuyu mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, unateremka zaidi ya mita 1,000, na trela linakusukuma njia nzima, kwa hiyo ni gia za chini na breki kwa vipindi, la sivyo utazinusa. Nilifika Matema jioni nimechoka, wageni wanataka hema karibu na maji, milima ya Livingstone inageuka rangi, kila mtu anapiga picha. Nikaingiza trela ufukweni, nikalifungua hapohapo, nikaondoa gari.

Usiku upepo wa kusini ulileta mawimbi. Maji hayakulifikia hema, ila yalipita chini ya mchanga na kurudi, yakipita na kurudi, na kila wimbi likichukua kidogo kutoka chini ya matairi. Asubuhi mguu wa mbele ulikuwa umepotelea ardhini na trela limeinama kama mtu anayesujudu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa vyungu Lyulilo. Akina mama waliokuwa wanapita na vyungu vya Kikisi kichwani wakasimama, wakacheka mpaka mmoja ikabidi atue chungu chake chini. Kisha yule aliyetua chungu akaniambia nisichimbe upande wa ziwa, nianze upande wa nchi kavu, kwa sababu upande wa maji shimo linajaa kadiri unavyochimba. Alikuwa sahihi. "Ndaga fijo, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, na nikanunua vyungu viwili ambavyo vilifika Iringa vizima kuliko heshima yangu.

Tangu siku hiyo: trela la kambi linasimama kwenye nyasi au ardhi ngumu, pua ikitazama njia ya kutokea, na chini ya mguu wa mbele ubao. Ufukweni tunaenda kwa miguu.

Beringi, na mwisho wa safari

Kila kilomita 30 za njia mbaya nasimama, nagusa habu za trela kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikufanya utoe mkono, beringi inaomba grisi au imekwisha. Ukitaka kuvuka maji, subiri habu zipoe kwanza: habu yenye joto ikiingia kwenye maji ya baridi inapoa ghafla, inavuta maji na mchanga ndani kupitia sili, na hutajua mpaka wiki ijayo gurudumu litakapokupita barabarani. Mimi nabeba beringi mbili, sili mbili na kopo la grisi. Chujio la hewa nalo likung'utwe kila jioni. Mchanga kwenye wali ni shauri la mpishi na upepo, siwezi kukusaidia.

Ukitoka mchangani usikimbilie lami na upepo 18. Simama penye ardhi ngumu, toa kompresa, rudisha matairi yote sita. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati naweka 30 kwanza ili meno yasing'oke, kisha 38 nikifika lami. Kompresa yangu inachukua dakika tano au sita kwa tairi, injini ikiwa inawaka ili betri isife. Zaidi ya nusu saa. Pampu ya baiskeli usijaribu, nilijaribu mara moja na tairi moja lilinimalizia jioni. Wakati kompresa inapiga kelele, mpishi anawasha moto na kukaanga mihogo, nami nazunguka trela kukaza nati, nikianzia gurudumu la kushoto la nyuma, ambalo ndilo hulegea siku zote, sijui kwa nini.